Katuni Isiishie Kufungia Karanga

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: katuni ya gazeti inatunzwaje ikae? Tumezichagua zile zenye maswali ambayo wengine pia watayahitaji. Barua ndefu tumezifupisha.

Nimerithi maboksi mawili ya magazeti ya miaka ya 1980 na 1990. Ninachotaka ni katuni tu. Nikate, kisha magazeti niyatoe kwa wauza karanga? — Msomaji, Mikindani

Usishike mkasi bado. Katuni ya mfululizo ni hadithi inayokwenda kwa siku. Ugomvi ulioanza Jumatatu huisha Alhamisi, na mgeni anayebisha hodi katika fremu ya mwisho leo ndiye anayekula ugali kesho. Ukikata mchoro ukaacha tarehe, umeokoa picha ukapoteza hadithi. Tunaletewa mabahasha ya vipande mia mbili vya mhusika mmoja vilivyokatwa vizuri kabisa kwenye ukingo wa fremu, na hakuna awezaye kuvipanga tena.

Anza kwa kupiga picha ukurasa mzima, kichwa cha gazeti na tarehe vionekane. Halafu geuza ukurasa, kwa sababu mara nyingi nyuma ya katuni kuna katuni nyingine. Ikiwa iko, ukurasa huo usikatwe, uhifadhi mzima. Ukiamua kukata, tumia rula ya chuma na wembe mpya juu ya kioo au kigae, ukiacha sentimita moja ya karatasi kila upande. Mkasi huvuta karatasi kavu ikachanika pembeni. Kwenye kijikaratasi cha pembeni andika kwa penseli jina la gazeti, tarehe kamili, namba ya toleo, ukurasa na sahihi ya mchoraji. Usiandike juu ya katuni yenyewe, na usitumie kalamu ya wino, kwa sababu ipo siku utataka kuilowesha kwa dawa tunayoieleza katika jibu linalofuata.

Gazeti zima lihifadhi kama ni toleo ambalo hujaliona kwa mtu mwingine yeyote. Kule Marekani maktaba zilipoanza kuhamishia magazeti kwenye filamu ndogo za picha, nyingi zilitupa karatasi. Filamu hizo zilikuwa nyeusi na nyeupe, hivyo kurasa za katuni za rangi za Jumapili zikabaki vivuli vya kijivu. Bill Blackbeard wa San Francisco aliona maktaba zinakubali kuzitoa kwa taasisi tu, si kwa mtu binafsi. Mwaka 1968 akaanzisha taasisi yake, akazikusanya nyumbani kwake. Mkusanyo wake ulipohamishiwa Chuo Kikuu cha Ohio State mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikuwa na vipande vipatavyo milioni 2.5. Vitabu vingi vya leo vinavyochapa upya katuni za zamani vimetoka kwenye karatasi zile zilizokuwa zinatupwa. Magazeti yetu ya Kiswahili yana watunzaji wachache zaidi, kwa hiyo maboksi yako mawili yana uzito kuliko unavyodhani.

Katuni zangu zimekuwa za njano na zinavunjika kama papadi. Nimesikia dawa ya tumbo inasaidia. Ni kweli? — Msomaji, Chikongola, Mtwara

Ni kweli, ila ieleweke inafanya nini na haifanyi nini.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hubadilika rangi na kuzaa asidi, na asidi hukata nyuzi za karatasi. Joto na unyevu wa pwani huongeza kasi. Njano haiondoki. Kinachowezekana ni kuipoza asidi ili karatasi isiendelee kujila.

Dawa inayotakiwa ni maziwa ya magnesia, yaani haidroksaidi ya magnesi peke yake. Soma chupa. Vidonge vingi vya tumbo vya madukani ni trisiliketi ya magnesi iliyochanganywa na alumini, na hivyo havifai. Yenye rangi au ladha ya minti pia iache. Chukua lita moja ya maji ya soda yasiyo na sukari wala ladha, yale ya kuchanganyia vinywaji, yakiwa ya baridi. Tia kijiko kimoja kikubwa cha magnesia, funga kizibo haraka, geuzageuza chupa polepole, iweke kwenye friji usiku kucha. Gesi ya soda ndiyo inayoyeyusha magnesia. Soda iliyokwisha gesi haifanyi kazi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Asubuhi mimina maji maangavu ya juu kwenye sinia pana, mashapo yabaki chini.

Kabla ya kulowesha, dondoshea tone la maji kwenye kona, subiri dakika mbili, kandamiza kwa pamba nyeupe. Wino mweusi wa gazeti ni wa mafuta, kwa kawaida hautoki. Wino wa kalamu, muhuri na baadhi ya rangi hutoka. Ukiona rangi kwenye pamba, acha kabisa.

Karatasi ya gazeti ikilowa haina nguvu ya kujibeba. Ilaze juu ya kipande cha pazia jepesi la wavu kilichofuliwa, uishushe na kuipandisha kwa kushika wavu, si karatasi. Chandarua chenye dawa usitumie. Iache saa moja, ipandishe, itandaze ikiwa juu ya wavu wake kwenye kitambaa cheupe cha pamba kivulini. Ikifikia unyevunyevu tu, iweke kati ya vitambaa vikavu viwili, juu weka ubao na matofali mawili, ubadilishe vitambaa kila baada ya saa chache. Wakati wa mvua zoezi hili huchukua siku mbili hadi tatu, na ukilitelekeza usiku kucha bila kubadilisha kitambaa utaamka na ukungu. Ngoja miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, hewa ikiwa kavu.

Baadhi ya karatasi huzidi njano kidogo baada ya kuloweshwa. Kwa hiyo piga picha kwanza, jaribu kwa kipande kisicho na thamani, na katuni iliyokwisha kuwa vipande usiiloweshe kamwe.

Kufanya laminesheni je? — Msomaji, Masasi

Hapana. Joto la mashine huyeyusha gundi ikaingia ndani ya karatasi, na asidi inabaki imefungiwa humo humo. Haitoki tena bila kuiharibu katuni. Selotepu nayo ni hivyo hivyo. Baada ya miaka plastiki hubanduka yenyewe, doa la kahawia likabaki juu ya uso wa mhusika. Iliyokwisha kubandikwa usiivute.

Katuni zetu tulizibandika kwenye madaftari kwa uji wa ngano. Sasa kuna vidudu vinakula. Tunazitoaje, na tutumie gundi gani badala yake? — Wasomaji wawili, Newala

Vidudu vinafuata ngano, na karatasi inaliwa kwa kuwa iko njiani. Uji wa ngano kwa bahati nzuri hulainika kwa maji. Kata ukurasa wa daftari uutoe, ulaze kifudifudi juu ya plastiki safi. Weka kitambaa chenye unyevu, kilichokamuliwa sana, mgongoni mwa ukurasa kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Kisha bandua daftari kutoka kwenye katuni, si katuni kutoka kwenye daftari. Tofauti ni kubwa: kinachopindwa ndicho kinachochanika, basi acha ukurasa wa daftari upindwe na kuchanika. Ukifika mahali pagumu, rudisha kitambaa dakika tano. Kama zipo mlizobandika kwa gundi ya mpira au ya super, ziacheni hivyo hivyo, mpige picha tu.

Kwa gundi mpya mko mahali pazuri kuliko watu wa mikoa mingi. Wanga wa muhogo, uliotengwa na makapi yake, hushika vizuri na hulainika tena kwa maji miaka mingi baadaye. Menya kilo moja ya muhogo, kuna, changanya na maji lita tatu, kamua kwa kitambaa. Acha maji yatulie saa nne hadi sita, mwaga ya juu, tia mengine, rudia mpaka maji ya juu yawe maangavu. Wanga ulioko chini anika mpaka ukauke. Kilo moja haitoi zaidi ya robo kilo, na hiyo ni gundi ya mwaka mzima.

Kupika: kijiko kimoja kikubwa cha wanga kwa vijiko vitano vya maji baridi, acha dakika ishirini, kisha weka moto mdogo huku unakoroga bila kuacha mpaka weupe ugeuke wa kung'aa na kupenyeza mwanga. Endelea kukoroga dakika kumi zaidi. Wanga ambao haujaiva hushika siku ya kwanza na kuachia wiki ya pili. Poza, chuja kwa kitambaa, ongeza maji hadi uwe kama uji wa mgonjwa. Kwa joto letu huchacha ndani ya siku mbili, hivyo pika kidogo kidogo. Paka kwenye kona nne tu, tone dogo dogo. Usipake mgongo mzima, maana karatasi hukunjamana.

Kwa kuunga mpasuko, karatasi nzuri ni ile ya mfuko wa majani ya chai wa vipakiti, ambao haujatumika. Mwaga majani, chagua mifuko iliyofungwa kwa pini au uzi. Ile iliyobanwa kwa joto ina nyuzi za plastiki na haikubali wanga. Chana kwa mkono vipande vyembamba vya nusu sentimita badala ya kukata, ili kingo ziwe na nyuzi, ubandike upande wa nyuma.

Picha ninazopiga kwa simu zinaonyesha maandishi ya upande wa pili, na katuni inatoka imepinda. Nifanyeje? — Msomaji, Ruangwa

Karatasi ya gazeti ina uzito wa gramu 45 hadi 49 kwa mita ya mraba, wakati ya fotokopi ni 80. Mwanga hupenya, hugonga meza nyeupe iliyo chini, hurudi na maandishi ya nyuma. Weka manila nyeusi chini ya ukurasa na maandishi hayo yatafifia mara moja. Watu wa stesheneri wanapokuskania, waombe pia waweke nyeusi nyuma kabla ya kufunga kifuniko, na mashine iwekwe 600 dpi, yaani nukta kwa inchi, kwa katuni nyeusi na nyeupe, 300 kwa ya rangi.

Kwa simu, tandaza ukurasa sakafuni barazani, kivulini, saa za asubuhi. Zima flashi. Simama juu yake, simu iwe sambamba na sakafu. Washa mistari ya gridi kwenye kamera, na ukingo wa fremu ulingane nayo. Usiinamie karibu. Kamera ikiwa karibu sana hupanua katikati ikabana pembeni, na huko ndiko kupinda unakokuona. Panda juu kidogo, kuza mara mbili.

Piga mara mbili: ukurasa mzima kwa ajili ya ushahidi wa tarehe, kisha katuni peke yake. Hesabu yake ni hii. Simu ya megapikseli 12 hutoa pikseli kama 4,000 kwa upande mrefu. Ukurasa wa sentimita 40 unapata takriban pikseli 250 kwa inchi, ambazo hazitoshi herufi ndogo za kwenye viputo, yale maduara yenye maneno ya wahusika. Katuni ya sentimita 24 ikijaza picha inapata 420, na hizo zinatosha hata kuchapa upya.

Jina la faili lianze na mwaka: 1994-08-12-gazeti-uk07. Ukianza na siku, simu itazipanga tarehe 12 zote za miaka yote pamoja. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa sababu ikienda kama picha hubanwa na herufi hufa.

Shikamooni. Ninachora katuni ya fremu nne kwa gazeti letu la shule. Kwenye daftari inapendeza, ikichapwa maneno hayasomeki. — Mwanafunzi, Tandahimba

Marahaba. Kosa haliko kwenye mkono wako. Umechora bila kujua itapunguzwa kiasi gani. Kwanza pima kwa rula nafasi utakayopewa. Tuseme ni upana wa sentimita 24 na kimo cha 8. Chora kwa moja na nusu yake, yaani 36 kwa 12, inayoenea kwenye karatasi ya A3. Fremu nne za sentimita 8.5 na nafasi tatu za milimita 6 kati yake zinafanya 35.8, na milimita mbili zinabaki za pembeni.

Herufi kubwa iliyochapwa chini ya milimita 2 haisomeki kwenye karatasi ya gazeti, maana wino husambaa kidogo. Basi kwenye mchoro wako iwe milimita 3, na mistari ipishane milimita 5. Hapo kila mstari ndani ya fremu unabeba herufi kama 25, pamoja na nafasi. Neno kama "hawatakuruhusu" lina herufi 14, limemeza zaidi ya nusu ya mstari. Kitenzi chetu hubeba sentensi nzima, na mchoraji lazima akipangie nafasi. Mistari mitano, maneno yasiyozidi kumi na minane, ndiyo mwisho kwa fremu moja. Yakizidi, punguza usemi. Usipunguze herufi.

Andika maneno kwanza kwa penseli, zungushia viputo baadaye, kisha ndiyo uchore watu katika nafasi iliyobaki. Ukianza na watu, maneno yatabanwa kwenye kona na yatakatwa ovyo. Anayeanza kusema asimame kushoto, na kiputo chake kiwe juu zaidi ya cha anayejibu. Kama hadithi inamtaka kulia, inua kiputo chake mpaka msomaji akione kwanza.

Mistari ya watu tumia kalamu ya 0.5, ya fremu 0.8. Ya 0.1 itapotea kwenye mashine ya shule. Rangi ya kijivu ya penseli haichapwi vizuri; badala yake tumia weusi kamili, mistari sambamba, au nukta. Weka eneo moja la weusi mzito katika kila fremu, iwe suruali, mlango au usiku dirishani, ili fremu isielee. Na kwa nyuso, kama kwenu kuna kinyago cha mapiko, kile cha kuvaa katika ngoma ya Wamakonde, kaa ukitazame. Mchongaji wa Kimakonde anajua kipi akuze na kipi aache, na mchoraji wa katuni hana kazi nyingine.

Niweke wapi maboksi? Nyumba iko karibu na bahari. — Msomaji, Lindi mjini

Si sakafuni, si kwenye ukuta wa nje, si chumba chenye moshi. Inua juu ya matofali kama sentimita 15 ili mchwa wakipanda uone njia yao. Chagua boksi la plastiki gumu lenye alama ya 5 au 2 chini yake. Alama ya 3, na mafaili laini yanayonukia kama pazia jipya la bafuni, yana klorini, hunata kwenye wino na kutoa asidi. Funga boksi siku kavu ya kusi, mchana. Ukilifunga Machi, umefungia mvua ndani. Mchele kama kikausha unyevu hauna maana, unaita wadudu.

Ukungu ukiingia, kausha karatasi kwanza kivulini, kisha ipanguse kwa brashi laini nje ya nyumba, umefunga pua na mdomo. Kupangusa ukungu mbichi ni kuupaka. Kwa wadudu, funga katuni ndani ya mifuko miwili ya plastiki, weka kwenye friza wiki mbili, kisha itoe ukae nayo saa 24 bila kuifungua ili umande ujitengeneze nje ya mfuko na si juu ya karatasi.

Natafuta Chakubanga za zamani. Nianzie wapi? — Msomaji, Nachingwea

Chakubanga alichorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kwa hiyo unatafuta Uhuru, na maktaba hutunza kwa jina la gazeti, si la katuni. Mahali pa uhakika zaidi ni idara ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Maktaba Kuu ya Taifa. Usiende na ombi la "zote". Nenda na miezi: Machi hadi Mei ya mwaka fulani. Beba kitambulisho na penseli, na uliza taratibu za kupiga picha kabla ya kutoa simu.

Huku kwetu, uliza kwa waliokuwa walimu, makarani wa vyama vya ushirika na makatibu wa matawi. Magazeti waliyoyatunza yachunguze kwa jicho moja zaidi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, barabara ya kusini ilikatika kwenye Rufiji na magazeti yalichelewa sana msimu wa mvua. Tarehe iliyoandikwa kwa mkono juu ya gazeti huenda ni ya siku lilipofika. Unaponakili, fuata iliyochapwa.

Ukiwatafuta Ndumilakuwili na Lodi Lofa, usipoteze muda kwenye magazeti ya kila siku. Hao ni wa jarida la Sani. Jarida lilipita mikono mingi na mara nyingi limekosa jalada, ambalo ndilo lenye namba ya toleo. Lililokosa jalada liandikie kwa penseli matangazo na matukio yaliyomo ndani. Kwa hayo unaweza kulikadiria mwaka.

Naweza kuziweka zote kwenye kurasa zangu za mtandao? — Msomaji, Kilwa Masoko

Kuzinakili kwa ajili ya mkusanyo wako ni jambo moja, kuzisambaza ni jingine. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kazi ya mchoraji inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na karibu kila katuni ya gazeti la Tanzania iko ndani ya muda huo. Mwandikie mchoraji, familia yake au gazeti lenyewe, na ukikosa pa kuanzia, waulize Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Kwenye ombi lako taja gazeti na tarehe ya kila katuni unayotaka kuiweka.